Fungua kamba kabla maji haijafika: venye unaweza kuokoa ng'ombe, punda na farasi wakati wa mvua kali

Mwezi wa nne 2024 nilipoteza punda kwa sababu ya kamba. Maji ya mto Nyando iliingia kwetu huku Kano, upande wa Kisumu, saa nane usiku, tukatoka na watoto na godoro mbili, nikajiambia wacha kupambazuke nitarudia wanyama. Ng'ombe zilikuwa ndani ya boma ya miti, zikasukuma mlango zikatoka zenyewe, tukazipata siku ya pili zimesimama kwa barabara ya lami pamoja na mbuzi za watu. Punda alikuwa amefungwa mguu kwa mwembe, kamba ya nailoni ile ya buluu, mita tatu hivi. Nilipofika asubuhi maji ilikuwa inanifika kifuani na yeye alikuwa amezunguka ule mti mpaka kamba ikaisha, kichwa iko chini. Fundo ilikuwa imekazwa na maji hadi kisu ilikaa sana ndio ikakata.

Haya ninaandika nimeyajua tangu hiyo asubuhi, mengine kwa daktari wa mifugo wa huku, mengine kwa binamu yangu ambaye ni saisi upande wa Gilgil, anashika farasi miaka mingi sasa, na mengine kwa wazee wa hapa ambao walikuwa wanahamisha ng'ombe hata kabla ya El Niño ya 1997. Kama uko Nyando, Budalang'i, Kakamega, Kericho ama Nakuru, hatari zako hazifanani, kwa hivyo chukua ile inakuhusu.

Kwanza jua maji yako inatoka wapi

Watu wa Kano tunajua hii lakini tunaisahau kila mwaka: mafuriko yetu hainyeshi kwetu. Mvua inanyesha Nandi, Tinderet na Londiani, huku kwetu jua linawaka na watu wameanika mpunga, halafu usiku mto unafika na kila kitu. Budalang'i ni hivyo hivyo na mto Nzoia, maji inatoka mbali huko Elgon na Cherangany, mtu wa huko chini anaamka maji iko mlangoni na yeye hajaona tone. Kwa hivyo usiangalie mawingu ya juu ya boma yako peke yake. Angalia upande wa milima saa tisa saa kumi, ukiona wingu imekaa nyeusi huko na ngurumo inasikika siku mbili tatu mfululizo, ujue udongo wa juu umeshashiba na mvua ya leo yote itateremka.

Tafuta mtu mmoja anayeishi juu ya mto wako. Mimi niko na shemeji upande wa Muhoroni, akiona mto umepanda ananipigia ama anatuma meseji kwa grupu ya WhatsApp ya familia, na hiyo simu yake imeniokolea ng'ombe kuliko kitu kingine chochote. Idara ya hali ya hewa pia inatoa utabiri na tahadhari ya mvua kubwa, redio za huku zinasoma, fuatilia hiyo hasa kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano na tena wa kumi mpaka wa kumi na mbili.

Halafu simika mti kwa ukingo wa mto ama kwa mtaro ulio karibu na wewe, uutie alama mbili za rangi. Alama ya chini ikifunikwa, unatoa ndama, mbuzi na kuku. Ya juu ikifunikwa wanyama wote wanatoka, hata kama ni saa ya chakula, hata kama jirani anakuangalia anasema unaogopa bure. Amua siku ya jua, uwaambie watu wa nyumbani wote, ndio usiku usianze kubishana na mtu.

Kwa watu wa Nakuru, swali ni nini iko juu yako. Mei 2018 huko Solai bwawa lilipasuka usiku na maji ikashuka na mawe na nyumba na watu wengi wakafa. Kama boma yako iko chini ya bwawa, chini ya korongo, ama kwa njia ya zamani ya maji ambayo saa hii imekauka na umepanda nepia, hesabu wewe ni mtu wa mafuriko hata kama unaishi kwa kilima.

Kamba

Nitakaa hapa kidogo ju ndio ilinifanya niandike.

Mnyama akiwa huru kwa maji ana nafasi. Ng'ombe anaogelea, farasi anaogelea, punda pia anaweza, mbuzi anajitahidi mpaka achoke, na wote wana akili ya kutafuta mahali pa juu. Aliyefungwa hana nafasi hata moja. Kwa hivyo kuanzia siku tahadhari imetolewa, hakuna mnyama analala amefungwa kwangu. Si mguu, si shingo, si ng'ombe wa maziwa kwa nguzo ya zero grazing, si mbwa kwa mnyororo (mbwa wengi wanakufa hivyo na hakuna anayewahesabu). Weka ndani ya boma iliyofungwa na mlango ambao mtoto wa miaka kumi anaweza kufungua gizani. Usiweke kufuli. Najua wizi wa mifugo ni shida, mimi pia ninaogopa, lakini usiku wa tahadhari lala karibu na boma ama mpange zamu na majirani, kufuli wacha.

Kama ni lazima ufunge, labda uko njiani unahamisha ama daktari anatibu, tumia fundo la kuvuta. Pitisha kamba nyuma ya nguzo, zungusha mwisho wake juu ya ile kamba inayoenda kwa mnyama urudi chini yake, kunja kitanzi kwa huo mwisho, kipitishe ndani ya duara lililofanyika, alafu vuta kitanzi kikaze. Mnyama akivuta upande wake inashika, wewe ukivuta ule mkia unaoning'inia yote inafunguka mara moja. Jaribu na mikono imelowa, jaribu usiku bila tochi, mpaka vidole vijue. Na kamba ya katani ni afadhali kuliko nailoni, nailoni inakata ngozi mnyama akivuta. Binamu yangu anasema hata hatamu ya farasi wasimwachie ya nailoni wakati wa dhoruba, waweke ya ngozi, ju farasi akinaswa kwa tawi ama fensi ngozi itakatika kabla shingo haijavunjika.

Kamba shingoni pia toa. Ile ya kuongoza ng'ombe ambayo huwa tunaiacha inaburutika, ndani ya maji inashika kwa kila kisiki.

Radi

Huku magharibi radi inaua mifugo kila msimu, Kakamega na Kisii watu wanajua, na mara nyingi utasikia ng'ombe nne tano zimekufa pamoja chini ya mti mmoja. Watu wanasema mengi juu ya hiyo, lakini iko na sababu yake. Umeme ukipiga mti haukai kwa mti, unaingia ardhini na kusambaa pande zote kama maji uliyomwaga kwa sakafu, na nguvu inapungua ikienda mbali. Ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali, mita moja na zaidi, kwa hivyo mguu mmoja umekanyaga mahali pa nguvu nyingi na mwingine mahali pa nguvu kidogo, umeme unapanda huku unashukia kule, na katikati ndio kuna moyo. Mtu aliyesimama na miguu pamoja anaweza kupona mahali ng'ombe imelala.

Kwa hivyo malisho yenye mti mmoja mkubwa katikati ni mtego. Kama una mti kama huo, uzungushie fensi mita kadhaa kutoka shina ili wanyama wasiukaribie wakati wa mvua, ama usilishe hapo msimu wa mvua. Miti mingi ya urefu sawa, kama kichaka kizima, ni afadhali kuliko mti mmoja. Bonde la chini ni afadhali kuliko kilele, lakini kumbuka bonde hilo lisiwe njia ya mafuriko. Fensi ya waya nayo inabeba umeme mbali sana, radi inapiga kwa kona ya shamba na ng'ombe aliyeegemea waya upande mwingine anaanguka. Kama fensi yako ina nguzo za mbao, chomeka nondo iguse zile waya na iingie ardhini karibu mita moja, kila mita hamsini hivi, umeme upate pa kushukia. Hiyo haizuii yote lakini inasaidia.

Wakati wa kurudisha wanyama: ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikiwa chini ya sekunde thelathini, iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kukufikia wewe, wanyama warudi na wewe mwenyewe uingie nyumbani. Usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Hii ya nusu saa watoto wanaochunga hawaipendi, wanatoka mara mvua ikipungua, na hapo ndio wengi wanapigwa. Waambie waziwazi: mvua ikikukuta malishoni acha ng'ombe, kimbia nyumbani. Ng'ombe tutanunua.

Stima. Baada ya upepo usiku waya zinaanguka kwa maji ama kwa nyasi mbichi, na asubuhi ng'ombe anaingia. Ukiona mnyama ameanguka karibu na waya, usimwendee. Kaa mbali angalau mita kumi, zuia wengine, piga simu kwa watu wa stima, ngoja. Najua roho inauma kusimama tu unaangalia, lakini watu wamekufa wakivuta ng'ombe kwa mkia.

Zizi na mabati

Upepo wa huku kwetu mara nyingi unakuja jioni kutoka upande wa Nandi, kwa hivyo uwazi wa zizi uelekee upande mwingine. Angalia paa kabla ya msimu: panda, tikisa kila bati kwa mkono, misumari iliyolegea badilisha, na funga mbao za paa na nguzo kwa waya nzito ya kufungia, si misumari pekee. Bati likiruka ni panga. Toa kila kitu kilicholala ovyo kwa boma, mabati ya zamani, ndoo, vipande vya mbao, gari la mkono.

Sakafu inue kwa murram hata futi moja tu, chimba mtaro kuzunguka upande wa juu maji igeuke kabla haijaingia. Udongo wetu wa Kano ule mweusi ukilowa hautoi maji wiki nzima, na ng'ombe akisimama kwa matope hivyo kwato zinaoza. Ndama wapate kitanda cha mbao kilichoinuka. Banda la kuku jenga juu ya nguzo, sakafu yake ifike angalau kiunoni mwako.

Kama banda lako si imara, yaani unajua kwa roho yako si imara, ni afadhali farasi na ng'ombe wakubwa wakae nje kwa uwanja mpana usio na mti mmoja, wala waya za stima, wala mtaro wa maji, kuliko waangukiwe ndani. Wakiwa nje wanageuza makalio kwa upepo na kuinamisha kichwa, wanajua kujikinga. Lakini mvua ya mawe ni kitu kingine, watu wa Kericho, Nandi na sehemu za juu za Nakuru wanaijua, hapo ndani ni lazima kama kuna ndani ya maana.

Punda na farasi si kitu kimoja

Watu wengi wanafikiri punda ni mgumu, anaweza kukaa popote. Jua anaweza. Mvua hapana. Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi, yanalowa mpaka kwa ngozi, anatetemeka, na baada ya siku mbili tatu anaanza kukohoa na kutoa makamasi, hiyo ni mapafu. Anahitaji paa na mahali pakavu pa kusimama, hata kama ni mabati matatu tu. Wale vijana wa mkokoteni Nakuru na hapa Ahero, tafadhali, punda akimaliza kubeba na amelowa mpanguse kwa gunia kavu kabla ya kumwacha, mgongo, shingo, katikati ya miguu, na umtoe shogi (yale matandiko ya mgongoni ya kubebea mzigo) iliyolowa. Kidonda cha mgongo kikilala chini ya shogi mbichi usiku mmoja kinaoza.

Farasi ni mwoga wa kelele. Saisi anasema dhoruba ikikaribia usimkimbilie na usipige kelele, ongea naye sauti ya chini ile ile ya kila siku, mpe nyasi kavu atafune, mdomo ukiwa na kazi moyo unatulia. Farasi wawili waliozoeana waweke wakiwa wanaonana. Usimpandie wakati wa radi na usimpeleke mtoni kwa nguvu, kama anakataa kuvuka kuna kitu ameona kwa yale maji wewe hujaona.

Wote wawili, punda na farasi, wanashikwa na tetenasi haraka sana kuliko ng'ombe, na kwa Kiswahili ugonjwa wenyewe si unaitwa pepopunda. Baada ya dhoruba msumari na bati ziko kila mahali kwa matope. Chanjo yake ipo, ipatikane kabla ya msimu, na kidonda chochote hata kidogo kwa kwato kioshwe kwa maji safi na chumvi na daktari aitwe siku hiyo hiyo.

Kwa farasi kuna ugonjwa mwingine unaokuja na mvua, ule wa farasi wa Afrika unaoletwa na usubi, wale wadudu wadogo wa jioni. Farasi anaweza kufa kwa siku chache tu, punda mara nyingi hata haonyeshi dalili. Ingiza farasi ndani kabla jua kuzama na umtoe jua likishapanda, na chanjo iwe tayari miezi ya ukame.

Vitu vya kuweka tayari

Maji kwanza, ju watu wanashangaa ukisema hivyo wakati maji iko kila mahali, lakini maji ya mafuriko imepita kwa vyoo na mashambani penye dawa. Ng'ombe wa maziwa anakunywa lita arobaini mpaka sitini kwa siku, farasi karibu thelathini, punda ishirini hivi, mbuzi nne tano. Fanya hesabu yako ya siku tatu uone unahitaji mitungi mingapi ya lita ishirini. Mimi ninakinga ya mabati kwa tenki na ninafunika.

Chakula cha siku tatu mpaka tano kiwe juu, kwa dari ama kwa jukwaa: nyasi kavu za beli, mabua, chumvi ya ng'ombe ndani ya ndoo yenye kifuniko. Chakula kikilowa na kuota ukungu usimpe mtu wala mnyama. Mahindi ya ukungu ina sumu ambayo inapita mpaka kwa maziwa unayokunywa. Na farasi na punda usiwape saileji iliyoharibika hata kidogo, wao inawaua haraka kuliko ng'ombe.

Halafu kisu kikali kwa ala yake, tochi na betri, kamba ya katani mbili, gambuti, magunia makavu, dawa ya vidonda, na namba za simu zimeandikwa kwa karatasi ndani ya mfuko wa plastiki: daktari wa mifugo, chifu, jirani wa juu, Red Cross 1199. Simu ikizima karatasi itabaki.

Piga picha kila mnyama leo. Upande wa kulia, upande wa kushoto, uso, na wewe ukiwa umesimama naye. Baada ya mafuriko wanyama wa vijiji vitatu wanachanganyika kwa barabara na kila mtu anasema huyu ni wangu. Kama hawana hereni wala alama, siku ya tahadhari andika namba yako ya simu ubavuni kwa rangi.

Kuhamisha

Hamisha mchana. Tanguliza ng'ombe jike yule mkubwa ambaye wengine humfuata, si dume. Ndama wadogo wapelekwe kwanza kwa mkokoteni ama pikipiki, mama zao watafuata bila kuchapwa. Kondoo ukimvuta mmoja wote wanakuja, mbuzi watakusumbua kwa maji. Nguruwe usimvute, shika ubao mpana nyuma yake umwelekeze. Kuku ndani ya tenga, usijaze, wanakufa kwa joto. Na usivuke maji inayokimbia ikiwa imepita kifundo cha mguu wako, maji ya hivyo inaangusha mtu mzima, pita mbali hata kama ni saa moja zaidi.

Mahali pa kwenda zungumza mapema. Mzee wa upande wa juu ambaye ana uwanja, mwendee mwezi wa pili na heshima zako: "Baba, mvua ikizidi ninaomba ng'ombe zangu zilale kwako siku mbili, nyasi nitakuja nazo." Mimi niliambiwa, "Mwanangu, hata usiku leta, mlango hautafungwa." Ukienda usiku wa mafuriko bila kusema, atakusaidia, lakini utakuta wengine ishirini wamefika mbele yako.

Mtoto wa mbuzi aliyelowa

Hii nilionyeshwa na mama jirani. Ukiokota mtoto wa mbuzi ama wa kondoo amelowa na amelegea, tia kidole chako mdomoni mwake. Mdomo ukiwa baridi na hanyonyi kidole, usimpe maziwa. Kila mtu anakimbilia chupa, na maziwa inaingia kwa mapafu anakufa mkononi. Kwanza mkaushe kwa gunia, sugua mbavu kwa nguvu kidogo, mweke kifuani ndani ya sweta ama karibu na jiko lisilo na moshi, chupa za maji moto zilizofungwa na kitambaa pande mbili. Mdomo ukipata joto na akianza kunyonya kidole, hapo sasa mpe maziwa ya mama yake, kidogo kidogo. Huyo mama aliokoa wanne usiku ule wa mafuriko akiwa amekaa kwa darasa la shule na watu wamejaa.

Maji ikishaondoka

Kazi mbaya inaanza hapa. Nyasi imefunikwa na mchanga na matope, ukiwaachia wanameza mchanga, tumbo linafunga. Kata ya juu, ioshe, ianike, changanya na kavu ulizohifadhi. Na nyasi ile changa inayoota haraka baada ya mvua usiwaachie wakiwa na njaa, wape kavu kwanza, la sivyo matumbo yanafura.

Kwato: wasimame mahali pakavu saa kadhaa kila siku. Anayechechemea mpe dawa ya mguu, mrututu, yale mawe ya buluu ya agroveti, nusu kilo kwa lita kumi za maji, asimame ndani dakika chache. Kondoo wasiyanywe, shaba inawaua wao haraka kuliko ng'ombe.

Mzoga. Mnyama aliyekufa ghafla baada ya mvua, kila mtu anasema ni radi. Angalia vizuri lakini usiguse. Wa radi mara nyingi yuko chini ya mti ama karibu na fensi, na wakati mwingine nyasi bado iko mdomoni na kuna mistari ya kuungua. Ukiona damu nyeusi isiyoganda inatoka puani ama nyuma, hiyo inaweza kuwa kimeta (anthrax). Mafuriko yanafukua mbegu za kimeta ambazo zimelala ardhini miaka mingi. Usipasue, usichune ngozi, usigawe nyama, zuia mbwa, piga simu kwa daktari. Mzoga wa mafuriko wowote usiliwe. Zika chini, futi sita, mbali na kisima.

Ile ninayoiogopa kabisa ni homa ya bonde la ufa. Mayai ya mbu wake yanangoja kwa udongo mkavu, mafuriko yakija wanaanguliwa wengi kwa pamoja. Ilikuja baada ya mvua za 1997, tena 2006 kuingia 2007, tena 2018. Ukiona kondoo, mbuzi na ng'ombe wengi wanatupa mimba ndani ya wiki chache, na watoto wadogo wanakufa, usishike ile mimba kwa mkono mtupu, usinywe maziwa bila kuchemsha, usichinje, ripoti siku hiyo. Binadamu anaambukizwa. Chanjo inatolewa kabla ya mvua, ugonjwa ukishaingia sindano yenyewe inaweza kuusambaza kutoka mnyama hadi mwingine, ndio maana miezi mikavu ni ya kuchanja hii, kimeta, chambavu (blackquarter), na kideri (Newcastle) kwa kuku. Na minyoo ya maini kutoka kwa konokono za maji, ulizia daktari dawa yake wiki chache baadaye.

Zoezi la mwezi wa pili

Mwezi wa pili mwaka huu tulifanya zoezi nyumbani. Nilipiga filimbi saa kumi na moja asubuhi kukiwa bado giza, kila mtu akashika kazi yake, kijana wangu mlango wa boma, mama watoto kuku na karatasi ya namba, mimi punda na ndama, tukaenda mpaka kwa yule mzee. Ilichukua saa mbili na dakika ishirini, mimi nilidhani ni saa moja. Mbuzi mmoja jike alikataa daraja la miti akatuchelewesha nusu saa nzima, kwa hivyo sasa tunabeba mtoto wake mbele, na nimeshusha ile alama ya juu kwa mti wa mtoni kiasi cha mkono mmoja.